Kituo kidogo cha afya Bukavu: usalama wa mgonjwa tuuanzie wapi?

Muuguzi_Kadutu ameuliza:

Wakubwa zangu, salamu. Nimekabidhiwa usimamizi wa ubora wa matunzo katika kituo cha daktari mmoja hapa Kadutu. Vitanda 6, wauguzi 4 wanaopokezana zamu, labo ndogo, na chumba kimoja cha matunzo ambamo tunashona vidonda, tunapasua majipu na kufanya tohara. Hatuzalishi na hatutii damu. Otoklavu yetu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ni ile ya sufuria, inapashwa kwa umeme ukiwepo na kwa makala (makaa) ukikatika. Maji ya bomba ya Regideso hayaji kila siku.

Biro ya zoni ya afya itapita kukagua, lakini sitafuti ukuta uliopakwa rangi mpya. Ninataka kujua ni mahali gani hasa mgonjwa anaweza kuumizwa na mikono yetu sisi tunaomtunza, na nianze na kipi. Naomba vipimo kamili. "Zingatieni usafi" tumeambiwa sana, na haitusaidii kitu saa 8 ya usiku.

---

Fundi_Bagira (mtengeneza vifaa vya hospitali):

Ndugu, anza na hiyo sufuria. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wengi wanaotumia otoklavu hapa wanafuata karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa miji ya chini. Geji haisomi presha yote iliyo ndani. Inasoma tofauti kati ya ndani na nje. Huku kwetu hewa ya nje ni nyepesi, karibu kilopaskali 85 badala ya 101. Kwa hiyo geji ikionyesha bar 1.05, yaani psi 15, mtu anaamini amefika nyuzi 121, kumbe mvuke uko kwenye 118 hivi. Nyuzi 3 zinaonekana kitu kidogo, lakini zinatosha kufanya muda unaohitajika uongezeke karibu mara 2.

Ili ufike 121 hapa, geji inatakiwa isome bar 1.2, karibu psi 17 na nusu. Kama valvu ya usalama ya sufuria yako imewekwa kufunguka kwenye bar 1, usiitundikie uzito wala usiikaze, inaweza kupasuka na kumuua mtu. Presha iache ilivyo, ongeza muda: vifaa visivyofungwa dakika 40 badala ya 20, na vilivyofungwa kwa kitambaa au karatasi saa 1 nzima badala ya dakika 30.

Kosa linalofuata ni hewa iliyobaki ndani. Ukishafunga kifuniko, acha kijibomba cha mvuke wazi mpaka mvuke utoke mfululizo bila kukatika-katika, subiri dakika 5 zaidi, ndipo ukifunge. Hewa ikibaki, geji inapanda vizuri tu, joto halipandi nalo. Na dakika zinaanza kuhesabiwa geji ikifika, si pale unapowasha moto. Umeme ukikatika katikati na geji ikashuka, unaanza upya kabisa, hata kama zilibaki dakika 3. Kwa makala moto unapanda na kushuka, kwa hiyo mtu mmoja anakaa hapo hapo mbele ya geji mpaka mwisho. Haendi kuchoma sindano chumba cha pili.

Mwishoni acha presha irudi sifuri yenyewe, fungua kifuniko kidogo, ziache pakiti zikauke nusu saa. Pakiti ikitoka imelowa, ihesabu kuwa chafu: vijidudu vinapita kwenye kitambaa chenye maji.

Ule mkanda wenye mistari inayogeuka nyeusi unakuambia tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Hausemi kama muda umetosha. Tafuta vikaratasi vinavyopima mvuke, joto na muda kwa pamoja, kwenye boksi vimeandikwa TST, weka kimoja katikati ya pakiti kubwa kuliko zote. Na kuchemsha vyombo kwenye sufuria ya kawaida kusiitwe kusafisha kwa upasuaji: maji ya hapa yanachemka kwenye nyuzi 95, na mbegu za pepopunda zinaweza kubaki hai hata ukichemsha muda mrefu.

---

Mfamasia_Ibanda:

Mukubwa Fundi amesema kweli tupu. Hata hivyo mimi ningeanza na ile meza ndogo ya kutayarishia dawa. Jipu unalipasua mara chache kwa wiki, ila sindano na serum (maji ya mshipa) zinapita pale kutwa kucha, na wagonjwa wetu wenyewe wanazidai hata pale ambapo kidonge kingetosha. Simama pembeni ya meza hiyo asubuhi moja, usiseme kitu, angalia mambo haya.

Je, kuna chupa moja ya serum ya chumvi ambayo inatobolewa na kila muuguzi kuyeyushia dawa ya kila mgonjwa? Hiyo iondoe leo. Mtu mmoja akiitoboa kwa sindano iliyokwisha kutumika, damu ya mgonjwa wa kwanza inaingia kwa wote watakaofuata, pamoja na homa ya ini. Nunua ampuli za ml 10, moja kwa mgonjwa mmoja. Vivyo hivyo sindano iliyoachwa imechomekwa kwenye mfuniko wa flakoni (kichupa cha dawa) ya lidokaini, dawa ya ganzi, ili "iwe tayari": ni mlango uliofunguliwa. Flakoni ya dozi nyingi inaandikwa tarehe ya kufunguliwa, na baada ya siku 28 inatupwa. Na ile tabia ya kutoboa chupa ya plastiki ya serum juu ili hewa iingie inaingiza vumbi la chumba moja kwa moja kwenye mshipa.

Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, inahitaji jicho la pekee. Flakoni nyingi za gramu 1 za kuchoma kwenye msuli zinakuja na ampuli ya kuyeyushia yenye lidokaini ndani yake. Ampuli hiyo ni ya msuli tu. Ikiingia kwenye mshipa, moyo unaweza kuvurugika na mgonjwa akapata degedege. Soma kilichoandikwa kwenye ampuli yenyewe, usitegemee boksi, maana ampuli zinahama boksi. Kwa mshipa tumia maji ya sindano. Na seftriaksoni isikutane na serum ya Ringer kwenye mpira mmoja, kwa sababu inagandana na kalsiamu. Kwa mtoto mchanga hilo limeshaua.

Artesunate, ya malaria kali: flakoni ya mg 60, kwanza ml 1 ya bikabonati iliyo kwenye boksi, tikisa mpaka iwe angavu kama maji, kisha ml 5 za serum ya chumvi kwa mshipa, au ml 2 kwa msuli. Kwa hiyo ya mshipa ina mg 10 kwa ml, ya msuli mg 20 kwa ml. Hapo ndipo wauguzi wanapokosea: wanayeyusha kwa namna moja na kuhesabu kwa nyingine, mtoto anapata nusu au mara 2. Mwenye kilo 20 na zaidi, mg 2.4 kwa kilo. Chini ya hapo mg 3 kwa kilo. Saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara 1 kwa siku. Iliyokaa zaidi ya saa 1 imwage. Mtoto anapimwa kwenye mizani kabla ya hesabu yoyote, asikadiriwe kwa macho wala kwa umri.

Kinini ikibidi kutumika, ni kwenye serum ya glukosi, polepole, saa 4. Haisukumwi kwenye mshipa kamwe. Na nawaomba sana: mtoto mdogo asichomwe kinini au diklofenaki kwenye tako. Neva kubwa ya mguu inapita pale, ikiguswa mtoto anabaki anaburuza mguu maisha yake yote. Chini ya miaka 2 ni paja, upande wa mbele kwa nje.

Ampuli za potasiamu ziweke kwenye kabati lingine kabisa, mbali na maji ya sindano. Ni plastiki ileile, ukubwa uleule, na usiku kwa tochi ya simu huwezi kuzitofautisha. Potasiamu ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, moyo unasimama.

Kila seringi iliyojazwa na isiyotumika papo hapo inabandikwa sparadra (plasta) yenye maandishi: dawa, mg kwa ml, jina la mgonjwa, saa. Iliyokosa maandishi inatupwa bila majadiliano.

---

Mama_Nguba:

Naongeza moja kwa Mfamasia. Chumba cha kungojea kikiwa kimejaa, muuguzi akiita "Furaha!" wanasimama wawili, na "Bahati" wanaweza kusimama watatu. Basi asiulize "Wewe ni Furaha?" Mtu mwenye homa anaitikia lolote. Aulize "Unaitwa nani?" na asikilize majina yote matatu kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, ndipo alinganishe na fishi (karatasi ya mgonjwa). Kwa mtoto, jina la mama linaandikwa pia. Sampuli ya damu inaandikwa jina palepale penye mkono wa mgonjwa, kabla hajainuka kwenye kiti.

---

Muuguzi_Kadutu:

Aksanti sana wakubwa. Valvu yetu inafunguka bar 1, kwa hiyo tutakwenda saa nzima. Bado mambo mawili. Kwanza javeli (dawa ya klorini): kila zamu inachanganya kwa kukadiria, na vyombo vinalala humo usiku kucha mpaka makasi yameota kutu. Pili, kosa likitokea linafichwa, kwa sababu pesa ya dawa iliyoharibika inakatwa kwenye mshahara.

---

Usafi_na_Maji:

Muuguzi, makasi hayo yanaota kutu kwa sababu klorini inakula chuma, na kwenye vishimo vya kutu damu inajificha mahali ambapo brashi haifiki. Mpangilio ni huu: chombo kikishatumika kinawekwa kwenye maji yenye sabuni ili damu isikauke, kinafunguliwa viungo vyake, kinasuguliwa kwa brashi chini ya maji ili matone yasirukie usoni, na aliyevaa glavu nene za jikoni, si zile nyembamba. Kisuuze, kikauke, ndipo kiende otoklavu. Kama mmezoea kutumbukiza kwenye klorini kwanza, basi iwe 0.5% na isizidi dakika 10, lakini mimi siioni faida yake. Inayosafisha ni brashi.

Vipimo vya HTH, yaani klorini ya unga, ile ya 65 hadi 70%: kijiko cha supu kilichosawazishwa kwa kisu ni karibu gramu 15. Kwenye bidoni la lita 20 weka vijiko 10 upate 0.5%, hiyo ni ya damu iliyomwagika na ya sakafu yenye matapishi au uchafu wa kipindupindu. Kijiko 1 kwenye lita 20 kinakupa 0.05%. Kwa javeli ya maji soma kibandiko: nyuzi 12 za klorini ni kama 3.8%, kwa hiyo kopo 1 la javeli linachanganywa na makopo 6 na nusu ya maji upate 0.5%. Tumia kopo lilelile, tena lining'inizwe hapo kwa kamba ili lisipotee. Andika kwenye bidoni nguvu na tarehe. Kila asubuhi inachanganywa mpya, kwa sababu inapoteza nguvu, hasa bidoni likikaa juani. Damu ikimwagika: funika kwa kitambaa, mwagia 0.5%, ngoja dakika 10, ndipo ufute. Usipulizie kwa pampu na usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

Kwa mikono, ndoo yenye robine na sabuni inatosha, sekunde 40 hadi 60. Maji yakikosa kabisa, tengenezeni pombe ya mikono kwa kipimo cha OMS (Shirika la Afya Duniani): etanoli ya 96% ml 833, oksijeni maji (hidrojeni peroksidi) ya 3% ml 42, gliserini ml 14.5, halafu maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita 1. Inakaa saa 72 kabla ya kutumika. Mikono yenye damu haiendi kwenye pombe, inaoshwa kwanza.

Boksi la sindano likae mahali mkono wa anayechoma unapofika bila kupiga hatua. Sindano haifunikwi tena kofia yake. Boksi linafungwa likifika robo tatu. Wanaojichoma mara nyingi ni wale wanaoshindilia. Aliyejichoma anaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakamui, na anatafuta dawa za kuzuia VVU siku hiyohiyo: baada ya saa 72 hazina kazi. Andikeni mapema zinapatikana wapi karibu nanyi usiku. Na boksi lililojaa lisishuke bondeni na takataka za kata. Mnajua mvua ya hapa inateremsha kila kitu mpaka ziwani, na watoto wanaokota seringi kuchezea. Kama hamna tanuru, ombeni zoni iwaonyeshe kituo chenye tanuru ambacho mnaweza kupeleka kwa ratiba.

---

Docta_wa_Zamu:

Wenzangu wamegusa yanayofanyika ndani ya chumba. Mimi naona hatari kubwa iko kwenye benchi la nje. Mtoto anafika, mama analipa fishi, anapanga foleni nyuma ya watu 15 wenye kikohozi, na zamu yake ikifika amekwisha zimia. Anayepokea pesa mlangoni, hata kama hakusomea uuguzi, afundishwe alama hizi azijue bila kusoma: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege au anayo sasa hivi, amelegea au haamki. Yoyote kati ya hizo, anaingia ndani kabla ya fishi na kabla ya pesa. Kisha muuguzi anahesabu pumzi dakika 1 nzima kwa saa: 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi mwaka 1 hadi 5, hiyo ni pumzi ya haraka. Kila aliyezimia anapimwa sukari.

Mwenye vipele au malengelenge asikae benchi hilo hilo. Tangu mpox ya Kamituga mwaka 2023, mkoa wetu hauna sababu ya kukosa kona yenye mlango wake. Anayeharisha maji kama ya mchele vilevile, na zoni inajulishwa siku hiyo.

Pale mnapochomea sindano lazima kuwe na adrenalini mkononi, si ndani ya kabati lililofungwa na ufunguo uko kwa daktari. Ampuli ya mg 1 kwa ml 1. Mtu akivimba uso, akakosa pumzi au presha ikaanguka baada ya sindano: mtu mzima ml 0.5, mtoto wa miaka 6 hadi 12 ml 0.3, chini ya miaka 6 ml 0.15, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dakika 5 hakuna nafuu, rudia. Mlaze, inua miguu. Deksametazoni inakuja baadaye. Wengi wanaikimbilia kwanza, na dakika zinazopotea hapo ndizo zinazoua. Bandikeni dozi hizo ukutani kwa kalamu nene.

Ukimhamisha mgonjwa kwenda hospitali kuu, piga simu kabla hajatoka, na kwenye karatasi andika dawa, dozi na SAA. Bila saa, daktari wa upande wa pili hajui kama artesunate ya pili imefika wakati wake, atairudia au ataiacha.

Kuhusu mshahara: zungumza na daktari mwenye kituo, makato hayo yaishe. Muuguzi anayekatwa pesa ya ampuli ataficha ampuli, na kesho ataficha dozi aliyokosea, na mgonjwa ataondoka kwenda nyumbani akiwa nayo mwilini bila yeyote kujua. Weka daftari moja lisilo na majina ya wauguzi: tarehe, saa, dawa au kifaa, kilichotokea, mgonjwa amekuwaje, kilichokuwa tofauti siku hiyo. Linasomwa kila Jumatatu asubuhi, dakika 15, na kila tukio linatoka na badiliko la kitu kinachoshikika: dawa imehamishiwa kabati jingine, taa imewekwa juu ya meza, karatasi ya dozi imebandikwa. "Tuwe makini zaidi" haiandikwi kwenye safu hiyo. Yale ambayo yalikaribia kutokea yakazuiwa yaandikwe pia, hayo ndiyo yanayofundisha bila kumuumiza mtu. Na mgonjwa aliyepewa dozi isiyo yake anaambiwa siku hiyohiyo, yeye na familia yake, na anabaki chini ya uangalizi bila kulipishwa.

---

Labo_Kasha:

Fupi kwa upande wa labo. Kipimo cha haraka cha malaria kina dakika zake zilizoandikwa kwenye karatasi ya kila aina. Nunueni saa ya kengele, msisome "kikishaonyesha". Kikisomwa mapema kinakosa mstari hafifu, kikichelewa kinaweza kuchora mstari wa uongo. Vile vinavyotafuta HRP2, protini ya kijidudu cha malaria, vinabaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo aliyetibiwa juzi na homa imerudi anahitaji tone nene la damu kwenye mikroskopu. Na kipimo kimoja cha damu cha Widal peke yake kisimpe mtu tifoide na sindano za siku 10. Hapa mjini hilo limezidi.

---

Fundi_Bagira:

Muuguzi, nilisahau maji ya sufuria. Msiweke ya Regideso yenye chokaa wala ya ziwani, yanajenga ukoko juu ya kipasha joto na kuziba kijibomba cha mvuke. Maji ya mvua yaliyokusanywa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, yakachujwa kwa kitambaa, yanafaa. Kila wiki fungua valvu ya usalama kwa mkono sufuria ikiwa baridi, uone kama inacheza, na uangalie mpira wa kifuniko kwa kupitisha kidole: ukikuta ufa, badilisha kabla ya kupasha tena. Karatasi ya TST ya kila mzunguko ibandikwe kwenye rejista pembeni ya tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na sahihi. Ikitoka haijageuka rangi, pakiti zote za mzunguko huo zinarudi ndani, pamoja na zile zilizokwisha pelekwa chumba cha matunzo.